Breki Mpya, Mguu wa Zamani

Sikuwahi kuuogopa mteremko wa kivukoni hapa Mtwara mpaka Jumamosi iliyopita, nilipoomba lifti kwenye Landrova kuukuu ya mzee jirani yangu. Fundi wake alikuwa ametoka kung'oa breki za dramu za mbele na kufunga za diski. Alikaa katikati yetu, anajisifu: "Hizi ukigusa tu, zinakamata."

Mzee akatabasamu. Miaka yote dramu zilimtaka apige pampu: akanyage, aachie, akanyage tena, ndipo gari lisimame kwa kujisikia.

Tukaanza kushuka. Kule chini akina mama walikuwa wanangoja kivuko na ndoo zao, wametupa mgongo. Mzee akakanyaga. Breki zikakamata ghafla, paji langu likagonga kioo. Akashtuka, akaachia. Gari likachapuka.

"Kanyaga mzee, usiachie!" fundi akapiga kelele.

"Si ndiyo napiga pampu!" akajibu mzee, na mguu ukainuka tena.

Nilifumba macho, nikaanza kutoa shahada. Fundi akajitupa chini ya usukani, akaukandamiza mguu wa mzee kwa mikono miwili. Tukasimama. Bampa ilikuwa imegusa ndoo ya nyuma kabisa. Mwenye ndoo aligeuka, akatutazama, akaivuta ndoo yake.

Mzee akafuta jasho. "Fundi, zimekaa vizuri. Tugeuze, niwarudishe."

Nilirudi nyumbani Shangani kwa miguu. Tangu hapo, mtu akinisifia breki zake mpya, namuuliza: na mguu je?