Kenge au mamba? Siku nilipovunja mwiko wa baba mkwe, Ipyana

Wakuu, habari za humu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Nimeolewa Ipyana, kwenye familia inayoshika mila za Kinyakyusa. Kwa baba mkwe wangu mwiko bado upo: mke wa mwanawe hasemi naye wala hamtazami. Miaka sita sikuwahi kumpa hata shikamoo.

Masika yaliyopita mto ulifurika ukaingia mashamba ya mpunga. Bata wakaanza kupotea. Asubuhi moja nikamsikia mzee mferejini akimwambia mama mkwe, "Ni kenge tu huyu. Lete panga."

Mimi nilikuwa nyuma ya migomba, nimejificha kama desturi. Nikachungulia.

Hapa niwaeleze kidogo, maana wengi tunawachanganya. Wote ni reptilia, ila kenge ni mjusi mkubwa, yuko oda moja, yaani kundi moja la kisayansi, na nyoka. Mamba ana oda yake, na wataalamu wanasema undugu wake wa karibu ni na ndege, siyo na mijusi!

Kenge utamkuta majini, shambani, hata juu ya mti. Mamba haendi mbali na maji. Kenge hutoatoa ulimi wenye panda. Mamba hata akifunga mdomo, meno ya chini yanaonekana.

Huyu wa mferejini ulimi haukutoka. Meno niliyaona.

Mzee kashatia mguu mmoja majini. Nikaita, "Mama!" Mama kashaenda kuchukua panga.

"Baba, toa mguu! Ni mamba!"

Akaganda. Nadhani alishtushwa na sauti yangu kuliko mamba.

"Baba!"

Akajitupa nyuma, akaangukia tutani. Maji yakapasuka palepale mguu ulipokuwa. Yale mataya yalivyojifunga, nilidhani mtu kabamiza mlango.

Majirani wakaja na mikuki. Nikawaambia, kweli kenge na mamba hawa hawahesabiwi kati ya wanyama wanaokaribia kutoweka, lakini sheria hairuhusu kuwaua hivihivi. Wakagomba, mwisho wakampigia afisa wanyamapori. Jioni mamba akanaswa, akapelekwa mbali.

Mwiko nimeshauvunja. Nikajua narudishwa kwetu Busale.

Siku ya tatu akaja mwenyewe mlangoni kwangu, uso kaugeuzia pembeni.

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru. "Ungenyamaza, leo mngekuwa matangani."

Nililia tu.

Nilichojifunza: mjue mnyama unayeishi naye jirani, na mila isipewe uzito kuliko roho ya mtu. Wenye wakwe wa mwiko, ninyi mngeita au mngemkimbilia mama kwanza? Semeni, nawasoma.