Mwone Msimamizi wa Mfumo

Kijana aliyesimamia kompyuta za ofisi yetu alifariki wakati wa kiangazi, baada ya kuugua kwa muda mfupi ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliuita homa tu. Tulimzika kwao Mbooni siku ya Jumamosi. Jumatatu nikarudi kazini mjini Wote, nikawasha mashine yangu na kuanza kuchapa barua ya kuwashukuru watu wa kanisa waliotusaidia na mazishi.

Nilikuwa sekretari wa mradi wa maji uliohudumia Makueni na sehemu ya Kitui. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta, zikaunganishwa kwa waya na moja kubwa iliyokaa peke yake katika chumba chenye feni. Hiyo tuliiita seva. Mwanzoni kila mtu alifanya alivyotaka. Dereva alicheza karata kwenye mashine yoyote aliyoikuta wazi, na siku moja mtu fulani akafuta rekodi za mvua akidhani anafuta picha.

Kijana wetu alikasirika, akaweka masharti. Aliyaweka kwenye seva tu, lakini kila ulipoingia asubuhi yalikufuata hadi kwenye mashine yako. Hiki huwezi kubadilisha, kile huwezi kuongeza, na neno lako la siri litaisha muda wake usipolibadilisha mapema. Ukikosea, kisanduku cha kijivu kilitokea katikati ya kioo kikikueleza kwa Kiingereza kwamba jambo hilo limezuiwa, umwone msimamizi wa mfumo. Sisi tulikuwa tukimwita tu kwa sauti.

"Bwana mkubwa, nimezuiwa tena!"

Naye alikuja akicheka, kikombe cha chai mkononi, akituambia tugeuze macho upande wa pili wakati anaandika neno lake.

Wa kwanza kukwama baada ya mazishi alikuwa afisa wetu wa maji, mzee mtaratibu aliyekuwa ametoka likizo. Neno lake la siri lilikuwa limeisha muda akiwa nyumbani. Alisoma kile kisanduku, akavua miwani, akakisoma tena.

"Sasa hii inaniambia nikamwone wapi?" akauliza.

Nilimvutia kiti akae.

Ubaya ni kwamba majibu yote ya kupima maji ya visima yalikuwa yamehifadhiwa kwenye sehemu yake ya seva, na mwingine wa pekee aliyeweza kuyafungua alikuwa marehemu. Karatasi zenyewe za maabara tulikuwa tumeshazituma kwa wafadhili ng'ambo, kwa kuwa tuliambiwa kompyuta inatosha; nao hawakuziona tena, na maabara haikubaki na nakala.

Wiki hiyo hiyo alikuja mama mmoja kutoka upande wa Matiliku, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kwao. Kisima chao kilikuwa kimechimbwa na pampu kuwekwa, lakini ilikuwa imefungwa kwa mnyororo hadi ijulikane kama maji yanafaa kunywewa.

"Majibu yetu yamekuja?" aliniuliza.

"Yamekuja, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Lakini mashine imefungwa."

"Si mfungue."

"Aliyekuwa akiifungua alifariki."

Alinipa pole. Halafu akauliza, "Na aliyechukua nafasi yake ni nani?"

"Bado hakuna."

Aliitazama kompyuta yangu kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mlinzi wa getini. Akasema atarudi, na kweli akawa anarudi.

Meneja alituita kwenye chumba cha seva. Alinikalisha mbele ya kioo, yeye na afisa wa maji wakasimama nyuma yangu.

"Jaribu jina la mtoto wake," meneja akasema.

Nikaandika. Likakataa.

"La mkewe."

Likakataa. Tukajaribu jina la kijiji chao, la shule aliyosoma, la timu yake ya mpira. Baada ya makosa machache mashine ilijifunga kabisa, kwa sababu hata hilo alikuwa ameliweka kwenye masharti yake. Ikabidi tungoje. Tukaenda kunywa chai, tukarudi.

Ndipo afisa wa maji akataja kwa sauti ya chini jina la mwanamke mmoja wa mji wa Salama. Meneja aliangalia dirishani.

"Andika," akasema.

Niliandika. Halikuwa hilo pia. Nilijiona kama mtu anayepekua mifuko ya marehemu mbele ya watu, na bado nikauliza, "Tujaribu lipi lingine?"

Tulimpigia simu fundi wa Nairobi. Alikuwa mtu mwenye haraka.

"Bonyeza pale chini kushoto," akaniambia. "Unaona mahali pa kuandika jina la programu?"

"Hapana. Alipaondoa."

"Basi ingia kama msimamizi upaweke tena."

"Neno la msimamizi ndilo tunalolitafuta."

"Hata mwenyewe asingepenya hapo bila neno hilo," akasema. "Hiyo ni kufuta yote na kuanza upya."

Kabla ya kukubali, meneja alinituma Mbooni kwa mjane. Alidhani mwanamke atasema vizuri na mwanamke mwenzake. Gari la ofisi lilinifikisha Kikima, nikapanda njia ya mlimani kwa miguu. Hewa ya kule ni baridi, nami nilikwenda nikipanga maneno ambayo hayakupangika.

Nilimkuta akipukuchua maharagwe. Alifikiri nimeleta vitu vya mumewe vilivyobaki ofisini. Nilikaa nikamsaidia kupukuchua, kisha nikamuuliza.

"Dada, aliwahi kukuambia neno alilotumia kufungua kompyuta?"

Alinitazama bila hasira. "Hakuniambia hata anaumwa nini. Mimi niliambiwa na daktari. Neno la kompyuta angeniambia la nini?"

Nikaendelea kupukuchua. Baadaye akauliza, "Huko kazini alikuwa anaongea?"

"Sana. Na kucheka."

"Hapa alikuwa ameacha kuongea," akasema, akavuta sufuria karibu. Nilipoondoka alinijazia mfuko maparachichi, nami nikayabeba.

Fundi alikuja kutoka Nairobi. Aliuliza kama tuna nakala za akiba. Zilikuwepo, kwenye kanda, lakini kijana wetu alikuwa amezifunga nazo kwa neno lilelile. Fundi akatikisa kichwa, karibu kwa kumsifu. Alipoanza kufuta, nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Jioni mashine zote zilikuwa wazi na tupu. Meneja akasema mimi ndiye niwe msimamizi mpya. Nilikataa, akaniomba, nikakubali kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Visima vyote ilibidi vipimwe upya. Sampuli zilikaa sana maabara, na majibu yalitufikia mvua za masika zikiwa zimeanza. Yule mama wa Matiliku alikuja akiwa na matope hadi magotini. Nilimpa karatasi mkononi, safari hii karatasi kabisa.

"Maji yenu ni mazuri," nikamwambia.

"Yamekuwa mazuri sasa?"

"Yalikuwa mazuri tangu mwanzo."

Kiangazi chote wanawake wa kwao walikuwa wamepita kando ya ile pampu kwenda kufukua mchanga wa mto kutafuta maji. Alijua, na alijua kwamba najua. Aliikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya leso yake, akaniambia asante. Nilimsindikiza hadi barabarani. Tulisimama pale tukisubiri gari, na mvua ikaanza kutunyeshea sote wawili.