Rangi Nyekundu Kwenye Mivule

Nimechoka na miti. Najua si maneno ya kusemwa na mtu ambaye miti ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea watoto, lakini panda vilima vya Tarime, shuka hadi Robanda, urudie maeneo yaleyale kila baada ya miaka michache na kukuta visiki, uone kama hutachoka. Kazi yetu ni kupima miti ya mbao na kuangalia imepungua kiasi gani. Kuongezeka hakutupotezei muda sana.

Kila mti tunaupima unene kwenye usawa wa kifua, kisha tunapaka mstari wa rangi nyekundu palepale, ili atakayekuja baadaye apime hapohapo. Rangi ile haina kazi nyingine.

Kenyamonta kulikuwa na mama mjane, mtu mzima, mwenye mivule mikubwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa inatia kivuli kaburi la mumewe, maana huku mtu huzikwa kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha uji wa ulezi. Alipoona rangi inapakwa alisogea karibu. Akaniuliza kama serikali inataka eneo lake. Nikamwambia hapana, tunapima tu. Tulipokuwa tunapanda gari akauliza tena, nami nikamjibu vilevile, kwa haraka, kwa sababu kijiji cha Nyansurura kilikuwa bado kinatusubiri na miguu ilikuwa inaniwaka moto.

Lakini nani huku asiyeijua rangi nyekundu? Nyumba ikipigwa X, itabomolewa. Dada wa yule mama alihamishwa hivyo barabara ilipopanuliwa, alinieleza mwenyewe tukinywa uji. Na kwa wanaoishi kuelekea hifadhini, mgeni mwenye kamba ya kupimia ni mpaka unaosogea. Mbele ya hayo, maneno yangu hayakufua dafu.

Mwaka jana nilirudi. Mivule yote ilikuwa chini. Hakuna ubao uliopasuliwa wala mkaa uliochomwa. Magogo yalikuwa yamelala palepale yalipoangukia, nyasi zimeota pembeni, na kaburi linapigwa na jua la mchana. Nilipandwa na hasira. Nilijiona nimetembea maisha yangu yote kufuata visiki. Nikamuuliza yule mama, hata salamu haijaisha vizuri, ni nani amekata.

“Ni mimi,” alisema. “Niliita vijana wakakata yote. Si mlikuwa mnafuata miti? Sasa miti hakuna. Mniachie mzee wangu hapo alipolala.”

Hasira ilinitoka, nikakaa juu ya gogo. Ningeweza kumweleza upya habari ya rangi, taratibu, kwa kituo, kama nilivyopaswa kumweleza mara ya kwanza. Angenielewa. Kisha angebaki na kaburi juani, akijua kwamba mivule aliyoiacha mumewe aliikata bure. Dereva alinitazama, akaangalia pembeni. Mama alikuwa bado amesimama mbele yangu, anasubiri jibu, kanga ameishika kifuani.

“Mtarudi tena?” akauliza.

“Hapana, mama. Hapa hatuna tena cha kupima.”

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akacheka kama mtu aliyeshinda kesi.