Mizunguko ya Mzee Kufuli

Siku hizi mashine ya kuchonga funguo haisikiki tena mtaani kwetu. Ilikuwa ikilia kila asubuhi kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, na wengi tuliilaani. Sasa kibanda kimefungwa, na kinyozi wa jirani anasema wateja wake hukaa kitini wakisikiliza kitu ambacho hakipo.

Mwenye mashine tulimwita Mzee Kufuli. Binti yake aliolewa na kinyozi huyo, wakaishi miaka michache, wakaachana bila kelele, binti akahamia mji mwingine. Tulidhani wanaume wale wawili wataanza kukwepana. Badala yake, kila Jumatatu, siku ambayo kinyozi hafungui, walipanda kigari chake wakaenda kutembea.

"Wewe kinyozi!" muuza magazeti alimpigia kelele siku moja. "Mke mmeachana, baba yake mbona humwachi?"

"Huyu sikumuoa. Nitamwachaje?"

Mzee alicheka mpaka akashika mlango wa gari.

Njia waliyoitembea ni ya miguu tu. Inaanzia nyuma ya kiwanda cha matofali, inapanda vilima, inashuka mashambani, kisha inafuata mto hadi mji ule anaoishi binti. Alama zake ni mistari ya rangi ya njano kwenye mawe na nguzo. Mwenye miguu mizuri na mfuko wa kulalia njiani angeimaliza kwa siku chache, lakini wao walikuwa na gari moja na magoti ya mzee. Kwa hiyo waliegesha pale walipokomea Jumatatu iliyopita, wakafuata mistari ya njano kiasi, kisha wakazunguka kwa vijia vya mashambani mpaka wakaliona gari tena.

"Tunatembea kama punda anayezungusha kinu," mzee alisema.

"Ila kinu chetu kinasogea, baba."

Hawakuongea sana. Mzee alisimama kwenye kila geti, akainua kufuli kwa vidole viwili na kulitazama kwa huruma, kama daktari. "Hili hata kijiti kinalifungua," alisema, wakaendelea.

Mwaka jana mzee alianguka chumbani kwake usiku, akalala sakafuni mpaka asubuhi kinyozi alipogonga mlango. Binti alipiga simu siku hiyo hiyo. Chumba kipo, baba, lifti ipo, njoo tuishi wote. Mzee hakuweza kukataa. Baridi ya ile sakafu aliijua yeye. Akaahidi: "Nitakuja kwa miguu yangu. Siku njia ikinifikisha kwako, sitoki tena."

Tangu hapo vipande vyao vya njia vikaanza kufupika. Kinyozi alidhani ni magoti. Lakini mzee huyo huyo, wakati wa kurudi, alichagua vijia virefu kuliko vyote na kutembea kutwa nzima akipiga mluzi. Ni kwenye mistari ya njano tu ndiko alikochoka, akatosheka na kipande cha kutoka jiwe moja hadi kidaraja kinachofuata.

"Baba," binti aliuliza kwenye simu, "hiyo njia mbona inaumuka kama unga?"

Kinyozi hakumfichua mzee, maana kuchelewa huko kulimfaa. Nyumbani kwake kulikuwa na kitanda, redio na sufuria moja, na Jumatatu ndiyo siku pekee ambayo mtu alimwita mwanangu. Lakini mara mbili tena alimkuta mzee ameshika ukuta, uso umempauka, akisema hakuna kitu.

Jumatatu moja waliegesha chini ya tangi la maji. Kutoka pale mapaa ya mji wa binti yalionekana. Hawakuwa wameenda mbali mzee aliposimama.

"Tuzungukie hapa, mwanangu. Magoti."

"Baba, wiki iliyopita magoti hayo hayo yalipanda kilima kizima wakati wa kurudi."

Mzee alitazama viatu vyake. "Nikishafika kule, wewe utakuwa nani kwangu? Mkwe asiye na mke ni nani?"

Kinyozi aliinua mkono akagusa nywele za mzee juu ya sikio, kama anavyofanya mteja anapokaa kitini.

"Zimekua," alisema. "Kule atakunyoa nani?"

"Sijui. Wenzako wanatumia mashine. Wananiparuza."

"Jumatatu mimi huwa nafunga, baba. Na gari linajua njia."

Mzee akatangulia kwenye mistari ya njano.

Mstari wa mwisho wa njano uko kwenye nguzo, mkabala na jengo la ghorofa anakoishi binti. Binti aliwaona dirishani, akashuka mbio. Alimshika baba yake mkono, kisha akamtazama kinyozi.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Njoo juu, unywe hata maji."

"Siku nitakayokuja na mkasi. Gari liko mbali."

Mzunguko ule aliufunga peke yake. Alirudi kwa mistari ile ile ya njano, kwa sababu hakuwepo mtu wa kumchagulia kijia kirefu.

Sasa Mzee Kufuli anaishi kwa binti yake, ghorofa ya tatu, katika chumba kinachotazama ile nguzo. Jumatatu moja ya kila mwezi ananyolewa kwa mkasi, kwenye kiti cha jikoni.