Fundo Lisilo na Maua

Bi Pik-ha, jirani yangu, hufunga nywele zake kabla hajasema neno na mtu. Huzichana kuelekea nyuma, huzisokota, huzizungusha kisogoni mpaka ziwe fundo, huzikaza kwa uzi mwekundu, kisha hupitisha kijiti cha mfupa katikati. Kijiti hicho alipewa na mama yake. Kinafanana na kijiti cha kulia wali, na wageni hudhani ndicho hicho. Mwisho hulizungushia fundo pete za maua, asmini ndani na mekundu nje, ndipo achukue kisu na kwenda kupasua chaza.

Wanawake wote wa kijiji chetu, hapa pwani ya China, nje ya mji wa Quanzhou, tunafunga hivyo. Mume humjua mkewe kwa kisogo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipokuja watalii.

Kuna msichana mmoja maarufu kwenye simu alipigwa picha hapa na maua kichwani, na tangu hapo mabasi hayakatiki. Mimi mwenyewe nimeweka kiti, kioo na ndoo ya maua mbele ya mlango wangu, nawafunga nywele kutwa nzima. Sioni haya. Wanakuja na nywele fupi, laini, zisizoshika kitu, basi nawatia za bandia na kijiti cha plastiki. Wakitoka kwangu, ukiwatazama kwa nyuma, hutofautishi mwanafunzi wa Harbin, kaskazini ya mbali, na bibi wa hapa.

Mzee Tiong-bo, mume wa Pik-ha, naye hakuweza kutofautisha. Alikuwa fundi wa injini, mtu wa akili zake, kisha akaanza kusahau. Kwanza yalimtoka majina ya wajukuu, yakafuata ya watoto, mwishowe uso wa mkewe. Kilichobaki kichwani mwake ni kimoja tu: penye fundo, kijiti na maua, ndipo alipo mke wangu. Basi akiliona hulifuata. Zamani angemfuata jirani, na jirani angemrudisha nyumbani. Watalii hawamrudishi mtu, wanapiga naye picha.

Siku moja alipanda basi lao. Nilisikia kelele, nikaenda.

"Shuka, mzee," dereva alikuwa akimwambia.

"Nishuke vipi na mke wangu yumo humu?"

"Mkeo yupi?"

"Yule pale dirishani."

Mkewe wa dirishani hakuzidi miaka ishirini, na alikuwa anakula aiskrimu. Pik-ha akafika mbio, glovu za chaza bado mikononi. "Tiong-bo! Mimi hapa!"

Mzee akamtazama usoni kwa adabu zote. "Samahani, mama. Mimi nina mke."

Tulimshusha wanne. Jioni ile mwanawe mkubwa, Kiat-jin, akapiga simu kutoka Xiamen. Baba akipotea mara nyingine, alisema, watampeleka nyumba ya wazee ya mjini. Ni pasafi, wauguzi wapo, hata lifti ipo.

"Baba yako hajawahi kupenda lifti," Pik-ha alijibu, akakata simu. Lakini alijua mwanawe hatanii. Wamelala chumba kimoja tangu waoane. Hakuwa tayari kumwacha akalale kwa watu.

Kesho yake alikuja kwangu na fundo tupu. Kijiti na uzi vilikuwapo, lakini ua halikuwapo hata moja. Chanuo likanidondoka. Kwetu mwanamke hatoki nje hivyo ila akiwa ametoka kumzika mumewe.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hajafa mtu. Kijiji kizima kimejaa maua, mdogo wangu. Nikiwa mimi peke yangu sina, ataniona."

"Atakuona, dada. Na mikosi nayo itakuona."

Wateja wangu wawili, wasichana wa Fuzhou, waliposikia maana yake waliinuka wakahamia kiti cha jirani. Sikufurahi. Mara wifi yake Kim-lui, dadake Tiong-bo, akatokea barabarani na ndoo yake ya samaki, akaitua chini kwa kishindo.

"Wifi! Unamzika kaka yangu mzima mzima? Yule pale, anakula ndizi!"

"Basi mwache amalize ndizi yake."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Wakimaliza kusema, wewe utakwenda kumtazama kwenye nyumba ya wazee mjini?"

Kim-lui hakuondoka. Alibaki pale ili aendelee kukasirika.

Alasiri Tiong-bo akaanza safari yake, nyuma ya binti mwenye maua ya manjano, wakielekea kituo cha mabasi. Pik-ha, kapu la chaza mkononi, akawapita haraka, akasimama mbele, akawapa kisogo. Binti akaendelea na njia yake. Mzee akasimama. Mimi na Kim-lui tulikuwa karibu, na nilimwona Pik-ha akinyoosha blauzi yake, tayari kuitwa mke.

Mzee akamzunguka mpaka mbele, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Umefiwa na nani?"

Pik-ha alilihamishia kapu mkono wa pili. Akasema, "Mume."

"Alikuwa akiumwa?"

"Alikuwa akisahau."

"Mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Fundi wa injini."

"Fundi wa injini ningemjua." Alifikiri kwa bidii mpaka paji la uso likajikunja. "Hapana, simkumbuki. Nisamehe. Lakini mfiwa hatembei peke yake. Nipe hilo kapu nikusindikize."

Akalibeba kapu la chaza, akamfuata hatua moja nyuma, kama inavyotakiwa kwa mfiwa, mpaka kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hapo akagoma. Kuingia nyumbani kwa mjane si adabu.

"Mke wangu akisikia itakuwaje?"

"Mkeo ndiye aliyesema uingie. Anakungoja."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Amekasirika?"

"Sana."

"Basi ndiye," akasema, akavua viatu, akaingia.

Kim-lui, aliyetufuata kwa ajili ya ugomvi, aligeuka ukutani akajifuta macho kwa aproni iliyojaa magamba ya samaki. Mimi nililia waziwazi.

Tangu hapo Tiong-bo hajapotea. Kila alasiri huliona fundo tupu katikati ya maua yote yale, humpa mjane pole upya, hubeba kapu. Kiat-jin hajataja tena lifti. Pik-ha hajavaa ua mpaka leo, na wapo wanaovuka barabara wakimwona anakuja.

Juzi nilimwuliza kama haimuumi kupewa pole ya mume na mume mwenyewe.

"Inaniuma sana," alisema. "Lakini njia nzima ananiuliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, nami namsimulia. Ninyi wengine hamniulizi."