Barabara Iliyokosa wa Kuikanyaga

Haya, ndugu zangu wa Lizaboni, na nyie wa Mshangano mliokuja na viti vyenu, karibuni. Wa nyuma sogeeni, sauti yangu imeishia kwenye kushindana na injini. Mmetaka niwaeleze barabara zilivyokuwa zinalimwa enzi zetu. Nitaeleza. Palipozidi chumvi mtapajua wenyewe, mimi sitawaonyesha.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa Madaba, kambi ya barabara ya kwenda Njombe. Shule sikuwahi kuingia hata kwa kuchungulia dirishani, nikaajiriwa kuchota maji. Asubuhi ile likawashwa dude la manjano, refu kama kutoka hapa hadi kanisani, na kwa kelele zake kuku wa kijiji kizima waliacha kutaga mpaka Pasaka. Nikatupa ndoo nikakimbia. Fomeni, yaani msimamizi wetu, mzee wa Kibena mwenye tumbo la heshima, akanifuata na baiskeli, polepole tu, mpaka nikachoka mwenyewe.

"Unakimbia ufagio?" akaniuliza.

Ndivyo alivyoliita greda. Alisema kijiko ndicho kinachimba, kompakta inashindilia, lakini greda lina wembe chini ya tumbo, kazi yake kufagia udongo mpaka ukae sawa. Miaka ilivyokwenda akanipandisha kwenye usukani. Akanifundisha kuipa barabara mgongo, maana ikilala bapa maji yanatuama, mvua moja tu inageuka shamba la mpunga. Nikimaliza kipande anakuja na kikombe cha maji, anamwaga katikati. Maji yagawanyike, nusu mtaro huu, nusu mtaro ule. Yakienda upande mmoja, narudia. Mwishoni nilikuwa nafagia mpaka inzi akitua katikati anateleza hadi mtaroni.

Kutoka Madaba nikahamishiwa Tunduru, kwenye mchanga unaomeza gurudumu na dereva wake. Huko ndiko nilikoujua utani wa Wayao. Nyie vijana mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Sisi Wangoni na Wayao, mababu zetu walipigana, walipochoka kupigana wakabaki wanatukanana kwa heshima. Mtani akiipenda kofia yako anaivaa, anaondoka nayo. Ukimkataza ndiyo umemkaribisha, maana akiiacha atachekwa na ukoo mzima. Nilinyang'anywa kofia Tunduru mpaka jua likanizoea.

Basi, vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma vikaisha. Majirani waliokimbilia kwetu wakarudi kwao na magodoro kichwani, wakakuta hakuna soko, hakuna zahanati, barabara imeota miti. Serikali yao ikataka kuifungua upya, na kampuni iliyopewa kazi ikatafuta mafundi huku kwetu. Nikavuka na greda langu. Mamba mmoja aliutazama ule wembe, akatupisha.

Wateguaji wa mabomu walikuwa wametangulia na kusafisha kila mahali. Sisi tukafuata, tukalima kipande cha kutoka mtoni hadi kijiji cha Che Abiba. Huyu alikuwa mama wa Kiyao, mtu mzima, ndiye mkuu wa kijiji. Wakati wa vita aliishi ukimbizini Tunduru, kwa hiyo Kiswahili chake kilikata kuliko wembe wangu. Hiyo Che ni heshima yao, kama nyie mnavyoniita mzee halafu hamnipi kiti.

Barabara ikapendeza. Tatizo likawa moja, hakuna aliyeikanyaga. Watu wanatoka shamba na mahindi kichwani, wakifika barabarani wanakata kona, wanashika kijia cha porini pembeni yake. Miiba inawachoma, na wanatusalimia vizuri kabisa.

Mhandisi mkazi, yule anayekaa na kazi mpaka iishe, alidhani wanaogopa mabomu. Akanituma nipite na greda mbele yao, kwenda na kurudi. Kompakta ikafuata. Mwisho akapita mwenyewe, peku, suruali ameikunja magotini. Watu wakampigia makofi, wakarudi kwenye miiba yao.

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mkuu wa wilaya ya kule alikuwa na nesi mmoja na vifaa vya zahanati moja, na vijiji vinavyomlilia ni vingi. Alishamwambia mhandisi kwamba siku ya kupokea barabara, akikuta haina watu, zahanati ataipeleka kwingine. Na kijiji kile mwanamke akishikwa na uchungu alikuwa anabebwa kwenye machela, porini, na si wote walifika. Binti wa Che Abiba mwenyewe alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka.

Nikaenda kumwona. Akapokea shikamoo yangu, akanipa kigoda na viazi vya kuchemsha. Nikamuuliza kwa nini hawapiti.

"Barabara ni ya nani?" akaniuliza yeye.

Nikasema ya serikali.

"Basi. Serikali mara ya mwisho ilipita hapo na bunduki. Waliokuwa wanaipinga nao wakapita na bunduki. Sisi tulipona kwa kukaa porini. Cha serikali hatukigusi, Mngoni. Ipite yenyewe."

Hapo hakutania. Nikala viazi. Nilipoinuka ndipo akanirushia lake, kwamba zamani Wangoni tulikuwa tunakuja kuiba mbuzi kwa miguu, sasa tumechonga njia ili mbuzi waje wenyewe.

Nikarudi kambini nacheka peke yangu. Kumbe mama huyu utani bado anao.

Kesho yake asubuhi nikatandika mkeka katikati ya barabara, mbele ya kijiji, nikalala chali. Watu wakajaa kule kwenye kijia chao kutazama. Nikatangaza kwamba barabara hii si ya serikali tena, ni ya Wangoni. Imelimwa na Mngoni, inakwenda Songea kwa Wangoni, na Myao yeyote asithubutu kuweka hata ukucha.

Kwa mbali nikamwona mhandisi ameshika kichwa. Mimi mwenyewe nikawaza, nimetukana watu waliofiwa.

Che Abiba akaja mpaka ukingo wa mtaro. Akautazama ule udongo mwekundu kwa muda. Linalofuata silitii chumvi. Kisha akavua kandambili, akazishika mkononi, akavuka mtaro, akakanyaga. Akatembea hadi kwenye mkeka wangu, akanivuta mguu.

"Toka njiani kwangu," akasema. "Nani kakuruhusu kulala hapa?"

Nyuma yake wakamwagika wote, wanawake na mahindi, wazee, mbuzi, jamaa mmoja na kitanda chake, sijui alikuwa anakipeleka wapi. Wakachukua mkeka, wakachukua kofia, wakataka na greda, likagoma kuwaka. Vigelegele vilifika Madaba, fomeni wangu akauliza nani kaoa.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi pale Mshangano. Barabara zote nimezipa mgongo, wangu ukaishia huko huko. Nikiona lami nyeusi inatandikwa mjini nafurahi sana, mashine za siku hizi ni za ajabu. Lakini ya kumfanya mtu aseme barabara hii ni yangu, hiyo mashine sijaiona. Kule ililetwa na mama mmoja mwenye kandambili mkononi.

Maana siku ya kukabidhi mkuu wa wilaya alikuja, akakuta vumbi la watu, akakosa hata pa kuegesha gari. Akasema nesi anakuja, zahanati inajengwa hapo hapo. Binti wa Che Abiba alikuwa amekaa mbele kabisa, anashikilia tumbo. Kisha mkubwa yule, kwa kunogesha hotuba, akauliza umati barabara hii ni ya nani. Nikaona midomo ya mhandisi inajiandaa kusema ya serikali. Che Abiba akamuwahi, wala hakuinuka alipokaa.

"Yetu. Huyo Mngoni tulimweka afagie."