Grisi ya Bukavu

Onésime alikuwa fundi magari Bukavu. Hapa Stockholm anasafisha ofisi kwenye kitongoji cha Kista. Kiangazi aliipaka grisi stata ya gari langu, ile mota ya kuwashia injini. Januari 2009 stata ikaanza kelele: injini ikishawaka, yenyewe bado inakwaruza. Akalaumu betri, kisha mimi.

"Mama Belyse, unashikilia ufunguo mno!"

"Fungua kwanza, ndipo ugombe!"

Akaifungua. Grisi yake, ile nzito aliyozoea kwao kusiko na theluji, ilikuwa imeganda kwa baridi kama ugali wa jana, na gia ndogo ya stata ilishindwa kurudi mahali pake. Akaifuta yote, akapaka nyepesi.

"Miaka sita niko hapa," akasema bila kuniangalia, "mikono bado inadhani iko Bukavu."

Mikono yake ilikuwa mitupu kwenye baridi ile. Nikavua glavu zangu, nikamtupia.